Mshale Uliogoma Kupanda

6 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na nyingine umfikishie mkaza-mjomba kabla hajaidai. Mimi mzima wa mwili na akili, ila kiuno kinalalamika, maana wiki nzima nimeshinda nimejikunja ndani ya boti za watu. Magoti yako yanaendeleaje? Na ile ngazi ya gati iliyooza, wameitengeneza au bado mnaruka kama vyura?

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu hupokei. Tangu mwaka jana nikipiga anapokea mkaza-mjomba, nikikuulizia naambiwa uko gatini, umelala, unaoga. Mjomba, hata samaki hawaogi kiasi hicho.

Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba injini ilichemka katikati ya maji, abiria wamejaa, mkakokotwa na boti ya jirani mpaka nyumbani. Alikuwa anacheka akisimulia, lakini kicheko hakikutoka tumboni. Tangu siku hiyo sina raha.

Basi nimekutumia kisanduku. Kazi yangu huku ni hiyo kila siku, boti haitoki karakana mpaka nahodha awe na geji mbele ya macho. Ndani kuna geji mbili, moja ya joto la injini, nyingine ya nguvu ya oili. Kuna vihisi viwili, vile vijichuma vinavyofungwa kwenye injini yenyewe ili vipeleke habari kwenye geji. Na kuna king'ora: joto likizidi au oili ikipungua, kinalia. Waya nimekukatia mrefu, na mchoro nimeuchora kwa mkono, kwa kuwa maelezo ya kiwandani hata mimi nayasoma nikikunja uso.

Ni zawadi, usiniulize bei. Fundi ni wewe, mimi nimetuma vitu tu.

Mpwa wako,
Kidole


30 Machi

Kidole,

Marahaba, na mkaza-mjomba wako ameipokea yake akasema ilikuwa imechelewa. Sisi hatujambo. Magoti ni yale yale. Ngazi haijatengenezwa, tunaruka.

Kisanduku kimefika. Nimekifungua, nimevitazama, nimevirudisha. Kiko juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa kisiingie vumbi.

Sasa hebu tukumbushane. Nani alikufundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini, ukalaza sikio kwenye mpini, ukasikia kila vali inavyogonga? Ulikuwa bado una pengo mbele. Ulikuwa binti mtundu mpaka ukatia kidole kwenye feni na kikatoka kizima kwa kudra tu, ndipo nikakupa hilo jina. Leo wewe ndiye unayeniletea vijisaa nivikodolee macho. Mpishi aliyezeekea jikoni, unampa kipimo cha kumwambia maji yamechemka?

Siku ile ulikuwa mfuko wa plastiki. Ulinyonywa kwenye tundu la maji, injini ikakosa maji ya kuipoza, ikachemka. Nimeutoa, yamekwisha. Jirani aliyenikokota bado anasimulia gati nzima utadhani alinitoa vitani.

Mkaza-mjomba wako anasema hapandi tena boti yangu mpaka vijisaa vifungwe. Nimemwambia basi atembee juu ya maji.

Kula vizuri. Ukikonda mama yako ataniuliza mimi.

Mjomba wako


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo tena, na poleni na mvua. Huku jua ni kali, mikono imebabuka, lakini chakula nakula, mwambie mama.

Barua yako imenichekesha mpaka msimamizi akaja kuangalia kama nimepigwa shoti. Sikatai, sikio umenipa wewe. Injini zikiwashinda wenzangu naitwa mimi, na kila nikilaza sikio kwenye bisibisi nakukumbuka.

Lakini nina swali, na usininunie. Maji ya kupoza injini yakikatika, mlio wa bomba la moshi unabadilika. Unakuwa mkavu, kama mtu anayekohoa. Uliniambia nikiwa mtoto: ukiusikia mlio huo, zima kwanza, uliza baadaye. Injini haichemki ghafla, Mjomba. Ilikohoa kwa muda mzuri tu kabla ya kuchemka. Kwa nini hukuzima?

Zifunge geji, nakuomba. Sikio la kufa halisikii dawa, na wewe si wa kufa leo wala kesho.

Mpwa wako anayekupenda kuliko geji zote,
Kidole


20 Juni

Kidole,

Marahaba. Najua nimekawia, usinianzie. Hapa kila mtu mzima. Mvua zimekatika na paa la jikoni limeacha kuvuja lenyewe, bila msaada wangu.

Habari kubwa ni kwamba nimefunga. Jirani yetu mwenye boti mbili aliweka geji kwenye boti zake, akatangaza kwa kipaza sauti, na walimu na wauguzi wanaovuka nami kila asubuhi wakaanza kuhamia kwake mmoja mmoja, huku wakinipungia mkono kwa aibu. Nikaona nisiwe mbishi mpaka nibaki navusha mbu. Lile swali lako sijalisahau. Nitalijibu siku yake.

Ubao wa mbele nimeutoboa mashimo mawili, geji zimekaa sawasawa, unaweza kuzitazama bila kugeuza shingo. Waya nimezipitisha ubavuni na kuzifunga kila hatua zisicheze. Kwenye injini nikafungua zile nati mbili za kuziba, nikaingiza vihisi vyako. Na hapa nijisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayenisifu. Unajua mimi na kuvuja hatupikiki chungu kimoja. Kila kihisi nimekizungushia tepu nyeupe ya mabomba, raundi juu ya raundi, kilemba hasa, ndipo nikakaza. Halitoki hata tone. Vile vipete vya shaba ulivyoweka sikuona kazi yake, mkaza-mjomba wako kavitia kwenye kopo la vifungo vya nguo.

Matokeo yake injini ina afya kuniliko mimi. Mshale wa joto umelala kwenye baridi asubuhi mpaka jioni, haupandi hata tukiwa tumejaza. Wa oili uko juu kabisa. Hata injini ikiwa imezimwa, ufunguo ukiwa wazi, haushuki. King'ora hakijatoa sauti tangu kizaliwe. Abiria wote wamerudi, na kila anayepanda namwonyesha geji za mpwa wangu.

Mwalimu mkuu naye amezikagua, akaridhika, akanipa kazi ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Nitavusha darasa la tano lote, wana mechi ng'ambo. Nimeshaosha jaketi za kuokolea.

Kwa hiyo asante, mpwa wangu. Nilikuwa mkaidi bure.

Mjomba wako


Ujumbe wa simu, 3 Julai, kwa simu ya mkaza-mjomba

Mkaza-mjomba, ni mimi Kidole. Barua ya Mjomba nimeipata sasa hivi. Nakupigia haiiti. Ukiwasha simu tu msomee haya. GEJI ZINADANGANYA. Ile tepu imekata njia ya umeme. Injini inaweza kuwa inaungua na mshale ukabaki kwenye baridi. Asivushe watoto kesho. Atoe tepu yote, aweke vile vipete vya shaba vinavyozuia kuvuja, halafu afungue ufunguo bila kuwasha injini. King'ora lazima kilie, maana injini ikiwa imezimwa oili haina nguvu. Kisipolia asiondoke gatini. Nijibu hata neno moja.


4 Julai, asubuhi

Mkaza-mjomba?


4 Julai, mchana

Watoto hawakuvuka. Barua inakuja. Ni mimi Mjomba, naandika kwa simu ya mke wangu na herufi ni ndogo.


9 Julai

Kidole, mpwa wangu,

Wewe hujambo? Sisi tu wazima, na leo neno hilo naliandika nikilimaanisha.

Nikueleze tangu mwanzo. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, simu ya mkaza-mjomba wako ikazima. Umeme uliporudi Jumamosi asubuhi akaichomeka, na ujumbe wako ukaingia akiwa anakoroga uji. Uji ule umeungua, sufuria tumelitupa.

Mimi wakati huo niko gatini. Watoto wameshaingia wamevaa jaketi, injini inanguruma, kamba ya mbele nimeshaifungua. Nimeipa gati mgongo, natazama geji zako, baridi safi. Mkaza-mjomba wako alikuja mbio na kiatu kimoja mguuni, akaniita. Mwalimu mkuu anasema aliniita mpaka wauza matunda kule barabarani wakasimama. Mimi sikugeuka. Mtoto mmoja akanivuta shati, akaonyesha nyuma. Kugeuka, namkuta mke wangu ameipiga kamba ya nyuma fundo kwenye nguzo na ameishika kwa mikono miwili, boti inavutana naye.

Watoto wakashushwa. Walilalamika sana, na golikipa wao alinitazama vibaya. Mwalimu mkuu akasema mechi itasogezwa, hakuna neno.

Mimi nikajitetea kwamba ni kelele za injini. Mkaza-mjomba wako hakubishana. Alinisomea ujumbe wako akiwa amesimama karibu kabisa na uso wangu. Nikazima injini, nikafungua vihisi, nikavivua vilemba. Vipete tukavitafuta kwenye kopo, kimoja kikawa kimeshashonwa kwenye mkoba wake, akakinyofoa. Nikakaza. Kisha nikafungua ufunguo bila kuwasha, kama ulivyoagiza. Injini kimya, maji yametulia, hakuna upepo.

Nikasubiri. Nikasema, "Unaona? Hakilii. Kidole kaniletea king'ora kibovu."

Akanitazama. Nimeishi na mwanamke huyu tangu nywele zangu nyeusi, sijawahi kuuona uso ule. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Akaviondoa taratibu akasema, nami nilisoma midomo zaidi ya kusikia, "Kinalia, mume wangu. Kinalia tangu ulipofungua."

Hilo ndilo jibu la swali lako. Sikuzima kwa sababu sikusikia. Sauti nyembamba ndizo zilizonikimbia kwanza, ndege, kengele, simu, na wewe ukiwa ndani ya simu. Mngurumo mzito bado naupata, ndiyo maana nilijidanganya kwamba ni uchovu. Mwaka mzima naendesha nimeweka kiganja kwenye kifuniko cha injini, natafuta mtikisiko, roho iko mkononi. Nilikuwa naogopa, Kidole. Kila nikivuka nilikuwa naogopa, na niliogopa zaidi watu wasije wakajua. Nahodha asiyesikia injini yake, nani atampa mwanawe amvushe?

Mkaza-mjomba wako akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akalia. Halafu akacheka, akasema alidhani nimemchoka, ndiyo maana akiniongelesha jikoni simjibu. Mwaka mzima alikuwa anadhani hivyo, na hakuniuliza. Hilo limeniuma kuliko masikio yenyewe.

Mchana tukaiwasha ikiwa imefungwa gatini, nikaipa nguvu. Mshale uliokuwa umegoma ukapanda. Ukapita katikati, ukaingia kwenye nyekundu, mke wangu akasikia king'ora akainua mkono, nikazima. Nikafungua pampu ya maji. Siku ile ya mfuko ilizunguka kavu, mabawa yake ya mpira yakakatika, na vipande vikaenda kukwama kwenye bomba. Nimevitoa kimoja kimoja kwa koleo. Kumbe injini imekuwa ikiungua polepole tangu wakati ule, na mimi nawaonyesha abiria mshale wa baridi.

Watoto wale nawawaza usiku na mchana. Lakini hawakuvuka. Nakula nasema hivyo, naoga nasema hivyo. Hawakuvuka.

Pampu nimeweka mpya. Boti nimeifunga, sijaigusa. Abiria nimewaambia ni matengenezo. Sijui kama nitaishika tena usukani, na wa kumuuliza ni wewe tu, maana wewe ni fundi na hutaninyenyekea.

Mjomba wako


21 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi karakanani. Nililia pale pale, wenzangu wakadhani kuna msiba. Nikawaambia hapana, msiba umepita mbali.

Kwanza nisamehe ile methali ya sikio. Ningejua ningeukata mkono kabla haujaandika.

Tepu usijibebeshe peke yako. Huku hakuna anayetia tepu kwenye kihisi, kwa hiyo sikuwaza kukukataza. Kihisi kina waya mmoja tu, na umeme unarudi kwa kupitia meno yake, chuma kwa chuma. Ukikivisha kilemba umemziba mjumbe mdomo. Geji ya joto isipopata habari inalala kwenye baridi, na ya oili inaruka juu. Ungefunga kwa uzembe, ikavuja kidogo, ingesema kweli. Umeponzwa na usafi wa kazi yako, na mimi bado nataka kuwa fundi wa namna hiyo.

Sasa swali lako. Umesema sitakunyenyekea, basi sikunyenyekei. Kuendesha kwa kiganja, usiendeshe tena hata mara moja. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimefunga geji kwa manahodha wenye masikio mazima kabisa, na wengi hawasikii kitu, wamejifungia kwenye vibanda vya vioo na redio juu. Wanaona. Wewe maji yale unayajua kuliko wote wao, mawe yako wapi, magugu yanakuja lini. Hilo halikukaa masikioni.

Nakutumia taa nyekundu. Utaiunga kwenye waya ule ule wa king'ora, kikilia nayo inawaka. Iweke mahali ambapo huwezi kuikwepa hata ukitaka. Kila asubuhi fungua ufunguo kabla ya kuwasha injini. Ikiwaka, taa ni nzima. Ukiwasha injini taa ikazimika, nenda. Isipofuata hivyo, usiende popote.

Na nenda hospitali, kwa daktari wa masikio. Usiniambie unaoga.

Mpwa wako,
Kidole


18 Agosti

Kidole,

Marahaba, mama. U hali gani? Hapa hatujambo hata kidogo, tunakula na kulala. Mkaza-mjomba wako anakusalimu, na siku hizi akitaka kuniambia kitu ananigusa bega kwanza, halafu anasema. Tumeanza kuongea sana, wakati mwingine mpaka nachoka.

Taa nimeifunga juu kidogo ya usukani, usawa wa macho. Mwalimu mkuu nilimfuata ofisini kwake nikamweleza yote, tepu, masikio, yote. Nilidhani ataniondolea kazi. Akainuka, akasema twende. Akaja botini, akaniambia nifungue ufunguo. Taa ikawaka. Nikawasha injini, taa ikazimika. Akanirudisha kuzima na kuwasha mpaka nikamkumbusha betri ina mwisho. Ndipo akasema, "Jumamosi watoto wangu watakuwa hapa."

Wakaja. Mkaza-mjomba wako akapanda nao, akakaa mbele kabisa. Tulipofika katikati ya maji, mpwa wangu, taa ikawaka.

Nikazima. Boti ikasimama, watoto wakanyamaza wote kwa pamoja, hilo hata mimi nililiona. Mishale nilikuwa nimeshaitazama kabla sijazima, oili sawa, joto limefika ukingoni mwa nyekundu, bado halijaingia. Nikajua ni maji. Nikawaambia wakae vile vile, nikafunga valvu ya kuingizia maji, nikafungua chujio, nikatoa konzi nzima ya magugu. Golikipa yule yule akaniomba ayashike, nikampa. Nikafunga chujio, nikafungua valvu, nikawasha. Taa ikazimika. Mshale ukashuka ukakaa mahali pake, nikautazama mpaka ng'ambo, na mkono wangu ulikuwa kwenye usukani, si kwenye kifuniko cha injini.

Walipokwisha kushuka nikabaki nimekaa. Nililia kidogo. Mkaza-mjomba wako akaniuliza ni nini, nikamwambia nimefurahi, akasema basi futa uso, watoto wanatazama. Walifungwa mabao manne, tukarudi nao wanaimba kana kwamba wameshinda. Mimi bado ni nahodha, Kidole. Nilidhani imekwisha.

Daktari wa masikio nimeonana naye. Kasema ni kelele za injini, zimekula taratibu miaka yote hiyo, na kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki nikitunze. Amenipa vizibo vya sponji vya kuvaa kazini. Nikamuuliza, na mtu niliyemfundisha mimi, ambaye anashinda kwenye injini hizo hizo? Akaniuliza ana umri gani. Nikamtajia wako. Akafungua droo, akanipa pakiti ya pili.

Iko ndani ya bahasha hii. Unavifinya kwa vidole, unavisukuma ndani, unasubiri vijae. Anza leo, kabla hujarudi karakanani, hata wenzako wakikucheka. Halafu niandikie uniambie umevivaa, maana nikishajua hivyo sina tena kinachonikosesha usingizi.

Mjomba wako